Shikamoo Kumi na Moja

Mkewe alipofariki, Kasimiri hakulia. Majirani wa Mtoni walimsifu sana, eti huyo ndiye mwanaume, kajikaza. Kujikaza wapi! Mtu hujikaza akiwa na kitu cha kuzuia, na yeye hakuwa na cha kuzuia. Siku ya maziko alipanga viti, akahesabu masufuria ya kukodi, akawatafutia mahali pa kulala shemeji zake waliotoka Newala. Walipomwambia atie udongo, akatia udongo, halafu akanawa mikono. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na kwa kuwa ganzi haiumi, hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusema.

Hiyo ilikuwa Mei ya mwaka jana. Mwaka ukageuka, naye akaendelea vilevile. Anaamka, anaoga, anakwenda kazini Kurasini, anarudi. Mchana anakula kwa mama lishe karibu na geti la yadi ya makontena, na ukimuuliza amekula nini, inabidi afikiri kwanza. Padri alimtembelea mara mbili, akamwambia amwachie Mungu. Akajibu sawa. Dada yake akampigia kutoka Masasi, akamwambia aoe, nyumba haikai bila mtu. Akajibu sawa. Watu wote siku hizo aliwajibu sawa, na wakaridhika.

Kazini kwake panaitwa Nanga Njema. Ni wakala wa mabaharia: wanawatafutia vijana kazi melini, wanawaandikia mikataba, wanatunza mafaili yao. Ofisi ni vyumba vinne juu ya duka la spea za malori, na malori yenyewe yanapita chini kutwa nzima mpaka vikombe vinatetemeka mezani. Kasimiri ni fundi wa kompyuta wa hapo, na hasa ndiye mlezi wa seva ya barua pepe, ile mashine inayopokea imeli za kampuni na kuzigawa kwa wenyewe. Na Filomena, mkewe, alikuwa karani wa masjala wa hapohapo.

Lazima nikueleze masjala ya Filomena, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Mwanamke yule alifundishwa kazi kwenye ofisi za serikali za zamani, zile ambazo barua isiyo na kumbukumbu namba inarudishwa ilikotoka hata kama imeleta habari ya moto. "Kisicho na namba ya faili hakipo duniani," alikuwa akisema, na hakuwa anatania. Kampuni ilipoamua kila baharia awe na anwani ya imeli, Filomena ndiye aliyepewa kuzipanga. Akazipanga kimasjala, na vile vimstari vya kuinama ambavyo makarani wanaviita stroku: bh/1, bh/2, bh/3, mpaka bh/214. Bh ni baharia. Kila anwani ina faili lake, na kila faili lina mstari wake kwenye daftari kubwa la jalada gumu, kwa mwandiko wake mzuri ulionyooka. Baharia akiwaandikia wa nyumbani anatuma kwenye namba yake mwenyewe; barua ikiingia, Filomena anaichapa, anaikunja, anaitia kwenye bahasha, na familia inakuja kuichukua.

Kasimiri alipinga, enzi hizo.

"Mke wangu, dunia nzima watu wanatumia majina na nukta. Hako kastroku kataniletea balaa. Seva zikikaona zinadhani ni mwizi anapekua makabati."

"Kwani sheria za barua pepe zinakakataza?"

"Hazikakatazi."

"Basi ifundishe seva yako adabu."

Akaifundisha. Nani angembishia Filomena!

Kusema kweli mabaharia wengi siku hizi hawazihitaji anwani zile. Meli za mizigo zina intaneti, kijana yuko katikati ya maji na anaongea na mama yake kwa video akimwonyesha supu anayokunywa. Shida ni meli za uvuvi wa bahari kuu. Zile zinakaa mwaka na zaidi bila kugusa bandari, samaki wanafuatwa hukohuko na meli nyingine. Simu hazishiki. Kuna kompyuta moja tu, ya nahodha, inayotuma barua kwa satelaiti, na kila baharia ana zamu yake: barua moja kwa mwezi.

Kwenye meli ya namna hiyo ndiko alikokuwa Suhaib, faili namba 214, kijana wa Kimbiji. Aliandikishwa Aprili mwaka jana, akaondoka Julai. Mama yake ni Bi Tunu.

Bi Tunu alikuwa akija Kurasini kila Jumanne. Anatoka Kimbiji alfajiri na ile barabara yao ya mashimo, anavuka daraja, anapanda ngazi za ofisi akishika ukuta, anakaa kwenye benchi mbele ya meza ya Kasimiri, ambaye tangu msiba ndiye aliyerithi kazi ya kugawa barua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ipo?"

"Haipo, mama."

"Haya."

Anapumzisha magoti dakika kumi, anajifunga ushungi vizuri, anaondoka. Jumanne zaidi ya arobaini alifanya hivyo, na hakuwahi kupaza sauti. Siku moja alimletea Kasimiri mihogo ya shambani kwake. Kasimiri akapokea, akashukuru, akaisahau chini ya meza mpaka mfagiaji akaja kulalamika harufu. Si kwamba alimdharau mama wa watu. Hakukumbuka tu kwamba mihogo ni kitu cha kuliwa.

Ni mara moja tu bibi alifungua kinywa kusema ya moyoni. Mwanawe alipomletea habari ya meli, alisema, yeye alikataa. Suhaib akashikilia. Basi hasira zikampanda.

"Nilimwambia, ukipanda meli hiyo usinitafute, mie si mama yako. Hivyo hivyo, baba, mbele ya watu. Mdomo huu! Asubuhi yake kaondoka bila kuniaga, na radhi hakuiomba wala mie sikuitoa."

"Mwandikie basi, mama. Sema maneno, mie nitayatuma sasa hivi."

Bi Tunu akamtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo.

"Nimwamkie mwanangu mie? Mkubwa haanzi shikamoo, baba. Aanze yeye, neno moja tu. Mie nitaitikia. Nimejaa kuitikia, hapa."

Akajigusa kifua. Kasimiri akamwambia sawa. Sasa wewe unayesoma usianze kusema ukaidi wa watu wa pwani. Mama yako angefanya nini? Ndiyo hivyo. Tumelelewa hivyo wote, mdogo ndiye anayebisha hodi, mkubwa ndiye anayefungua. Bibi yule alikaa mlangoni mwaka mzima, akisubiri hodi.

Jumatatu moja ya Julai hii, Mudathir, mwenye kampuni, akamwita Kasimiri ofisini kwake. Mudathir anavaa kofia ya unahodha kila siku ya Mungu, ingawa hajaendesha hata boti ya makasia. Alikuwa na karatasi mkononi kutoka kwa wenye meli: orodha ya wanaomaliza mkataba, nani anarudi na nani anabaki.

"Huyu wa Kimbiji harudi," Mudathir akasema. "Kaomba kuongeza miaka mitatu. Anahamishiwa meli nyingine, inakwenda huko Pasifiki. Na tazama, penye ndugu wa karibu kafuta jina la mama yake, kaacha patupu. Orodha inafungwa Alhamisi mchana. Yule bibi yako wa Jumanne akija kesho, mwambie taratibu."

"Sawa, bosi," Kasimiri akajibu.

Akaenda na karatasi mezani kwake. Chini kabisa nahodha alikuwa ameandika maelezo mafupi: kijana huyu alituma barua kumi na moja nyumbani, zote zilikataliwa na nyumbani, na anaomba asiulizwe tena habari za familia.

Kasimiri akaisoma mara moja. Akaisoma tena. Zilikataliwa. Watu hawakatai barua, akafikiri. Watu wanaacha kujibu, wanajifanya hawakuiona, wanaichana. Anayekataa barua mlangoni na kumwambia aliyeileta arudi nayo ni mmoja tu duniani, naye ni seva.

Akaivuta kompyuta. Kutoka kwenye anwani yake ya nje akatuma jaribio kwenda bh/190. Ikaingia. Bh/200, ikaingia. Bh/206, ikaingia. Bh/214 ikarudi hapohapo, na maneno yake: anwani ina alama isiyoruhusiwa. Akajaribu 207, ikarudi. 

Hapo akajua. Hakuhitaji kutafuta zaidi, ila alitafuta, kwa sababu mikono ilikuwa inajua kazi hata kama mwenyewe hayupo.

Ilikuwa hivi. Seva ya zamani iliungua Julai mwaka jana, miezi miwili baada ya msiba. Kasimiri akasimika mpya. Seva mpya zinakuja na sheria zake tayari, na mojawapo inasema: anwani yoyote yenye stroku isipokelewe. Ni ulinzi, na si ulinzi mbaya. Kuiondoa kabisa ni kuacha mlango wazi. Kwa hiyo akafanya inavyopasa: akaandika orodha ya ruhusa, anwani moja moja, akinakili kutoka kwenye daftari la Filomena. Bh/1. Bh/2. Alinakili siku nzima, ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko ule ulionyooka. Alipofika 206 ukurasa ukaisha. Akafunua wa mwisho.

Kwenye ukurasa wa mwisho mwandiko ulikuwa umebadilika. Ulikuwa wa Aprili, wiki zile kabla hajalazwa. Mistari inashuka chini, namba zinatetemeka, 211 ameiandika mara mbili na kukata moja. Mistari minane tu, mpaka 214, na chini yake hakuna kitu.

Kasimiri aliutazama ukurasa ule, akafunga daftari. Hakulia. Akajiambia atamalizia kesho, na kesho yake hakukumbuka kwamba kuna kitu cha kumalizia. Mabaharia wapya waliokuja baada ya hapo aliwapa anwani za majina tu, na daftari likakaa kabatini. Wale saba, 207 mpaka 213, wako meli za mizigo, wana simu zao, hakuna aliyelalamika. Alibaki mmoja.

Akafungua logi, ile kumbukumbu ambamo seva inaandika kila inachokifanya, ikiwemo kila anayefukuzwa mlangoni. Akatafuta 214. Mistari kumi na moja ikajipanga kwenye kioo. Wa kwanza Agosti, wa mwisho Juni. Tarehe, saa, meli iliyotuma, namba ya faili, na neno lilelile. Barua zenyewe hazikuwemo. Seva ikikataa anwani haingoji kusikia barua inasema nini, haiichukui hata iitazame. Zilikuwa zimepotea.

Akaongeza mistari minane kwenye orodha ya ruhusa. Akajaribu 214. Ikaingia. Kazi yote hiyo ilimchukua dakika mbili. Mwaka mzima wa mama wa watu, dakika mbili.

Alitegemea kusikia kitu. Alikaa pale mikono juu ya meza akisubiri aone aibu, au hofu, au hata njaa. Hakikuja chochote. Akachapa ile mistari kumi na moja kwenye karatasi, akaenda nyumbani, akalala.

Jumanne Bi Tunu akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ipo?"

"Mama, mwanao aliandika." Akasema moja kwa moja, maana hakujua njia nyingine. "Aliandika barua kumi na moja, kila mwezi moja. Mashine yangu ilizikataa. Kosa ni langu. Nilikuwa naandika orodha ya wanaoruhusiwa, nikafika ukurasa wa mwisho, nikafunga daftari. Mwandishi wa daftari alikuwa mke wangu, alikuwa amefariki. Mwanao yuko kwenye ukurasa ule."

Lori likapita chini, vikombe vikalia.

"Huko melini wamemwambia barua zimekataliwa na nyumbani," Kasimiri akaendelea. "Anaamini ni wewe. Ameomba asirudi. Miaka mitatu mingine, na jina lako amelifuta. Orodha inafungwa keshokutwa mchana."

"Kumi na moja," akasema Bi Tunu.

"Ndiyo, mama."

"Nimemfukuza mara moja kwa mdomo wangu, na wewe ukamfukuza kumi na moja."

"Ndiyo, mama."

Kasimiri akasubiri atukanwe, na angeshukuru.

"Pole kwa mkeo," bibi akasema. "Lakini ungefunua."

Halafu akanyoosha kidole kwenye karatasi. "Hizo ndizo?"

"Barua zenyewe hazipo, mama. Ni tarehe tu. Hakuna neno hata moja alilosema."

"Nisomee."

"Ni tarehe tu, mama."

"Kwani mie simjui mwanangu anavyoanza barua? Nisomee."

Kasimiri akasoma. "Tarehe tisa mwezi wa nane, saa nne asubuhi."

"Marahaba," akasema Bi Tunu.

Kasimiri akanyanyua macho. Bibi alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kama mtu anayeamkiwa barazani kwake.

"Endelea, baba."

"Tarehe kumi na mbili mwezi wa tisa, saa moja jioni."

"Marahaba, mwanangu."

"Tarehe nane mwezi wa kumi."

"Marahaba."

Zote kumi na moja, hakuruka hata moja. Mudathir alitoka ofisini kwake kuuliza jambo, akasimama mlangoni, akavua kofia yake. Kwenye ile ya mwisho, ya Juni, bibi alijifunga ushungi upya, akaitikia.

"Sasa andika," akasema.

Hiyo ndiyo barua aliyoituma Kasimiri siku ile, kutoka anwani yake mwenyewe yenye jina na nukta, ili seva ya melini nayo isije ikaleta maringo kwa stroku. Ilikuwa fupi: Suhaib mwanangu, marahaba. Marahaba mara kumi na moja. Barua zako zilikataliwa na mashine, mie sikuzikataa, sikuziona. Yale niliyosema nimeyarudisha kinywani mwangu. Radhi yangu unayo. Ukitaka kurudi, mlango uko wazi. Usipotaka, niandikie hivyohivyo, nitaitikia.

Kasimiri akaongeza chini mistari miwili yake kumweleza nahodha na kijana kosa lilikuwa la nani, akaandika jina lake kamili.

Bi Tunu hakurudi Kimbiji. Alilala kwa mdogo wake Mbagala, akaja Jumatano, akakaa benchini mpaka jioni. Haikuwepo. Kasimiri alikuwa akiitazama logi kila baada ya dakika tano. Mama lishe alimletea chakula juu, kwa huruma, sahani mbili. Bi Tunu alikula nusu. Kasimiri akagundua kwamba maharage yana chumvi nyingi, akashangaa, maana hajui ni tangu lini alikuwa hajaonja chumvi.

Alhamisi saa tatu na robo asubuhi, mstari ukatokea: imepokelewa, kutoka melini, kwenda bh/214. Kasimiri hakuisoma kwenye kioo. Aliichapa, akaikunja mara tatu, akatafuta bahasha ya masjala, akaitia, akaandika namba ya faili juu, na akaenda kuikabidhi kwa mikono miwili, jinsi ilivyokuwa ikifanywa zamani.

"Nisomee wewe, macho yangu hayaoni," akasema Bi Tunu.

Akafungua. "Shikamoo, mama," akasoma.

"Marahaba, baba yangu. Hiyo ya kumi na mbili."

Barua haikuwa ndefu. Suhaib aliandika kwamba kila mwezi alijiambia hii ndiyo ya mwisho, na mwezi ukiisha anatuma nyingine. Nahodha amemfuta kwenye orodha ya wanaobaki. Anakuja. Amwekee mihogo.

Bi Tunu akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia kifuani. Alilia kidogo, akafuta kwa ncha ya ushungi, akamaliza. Kisha akauliza kama anaweza kuliona hilo daftari.

Kasimiri akalitoa kabatini. Hakuanzia mwanzo. Alifunua ukurasa wa mwisho, akalilaza mbele yake.

"Mwanangu yuko wapi hapa?"

"Hapa, mama. Huu wa mwisho kabisa. Ndicho kitu cha mwisho alichoandika humu. Mkono ulikuwa umeshachoka, ndiyo maana unaona mwandiko umeharibika."

Bi Tunu akapitisha kidole juu ya mstari ule unaoshuka, polepole, mpaka ulipoishia.

"Alichoka," akasema, "lakini alimwandika mwanangu."

Kasimiri akafungua mdomo aseme sawa, kama alivyozoea. Haikutoka. Ilitoka sauti nyingine kabisa, ya kilio, asubuhi kweupe, malori yakipita chini, na Bi Tunu akasogea upande mmoja wa benchi ili apate pa kukaa.